Paukwa Haikuwafaa Watu wa Ayalandi

Harufu ya kachori zikikaangwa ndiyo iliyonitia hofu kila Ijumaa ya kiangazi kile, maana ilikuwa ishara kwamba alasiri imekaribia na watu watajaa nyumbani kwa Ami Khalfan, Mabela, mtaa wetu huku ng'ambo. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Shule zilikuwa zimefungwa, jua linachoma hata kitasa cha mlango hakishikiki, na Ami, aliyechoka kutuona tumelala na simu chini ya kiyoyozi, alianzisha mtindo wake: kila wiki mtoto mmoja asimame kwenye majlisi, sebule ya wageni, mbele ya wakubwa, asimulie historia ya taifa fulani kwa Kiswahili, tusije tukakisahau. Binamu yangu Salim alipewa Warumi, akawapiganisha vita kwa mito ya makochi, na watu wakampenda. Mimi niliangukiwa na Ayalandi.

Niseme kweli, sikuwa mtoto wa kusema. Darasani nilinong'ona mpaka mwalimu akachoka, na nyumbani walikwishazoea kunijibia. Mama aliniambia taratibu kwamba angemwomba Ami aniache, Salim achukue zamu yangu. Hapo ndipo nilipoitaka. Nilijua nikiachwa safari hii, nitaachwa daima. Nikaenda kwa jirani yetu Mama Njeri, muuguzi kutoka Kenya, ambaye masista waliomsomesha kwao walikuwa Waayalandi. Alinisimulia huku anapiga pasi sare zake: maskini wa kule waliishi kwa viazi, ugonjwa ukaingia mashambani, viazi vikaoza vyeusi ardhini, watu wakafa njaa huku nafaka ya nchi yao inapakiwa melini kwenda kuuzwa. Wenye nguvu wakahama. "Sista akifika hapo alikuwa ananyamaza," alisema, "na sisi tunanyamaza naye."

Ijumaa yangu ilipofika, nikashika mwanzo pekee niliokuwa naujua. "Paukwa," nikasema. Wote wakaitika pakawa, nikapata nguvu. Lakini wakakaa mkao wa kusikiliza sungura na fisi. Nilipotaja viazi vyeusi walicheka, shangazi wakapitishiana kachori, na Salim akauliza jini lililoviozesha lilikuwa na vichwa vingapi. Nami nikacheka. Bibi, mama yake Ami, peke yake hakucheka.

"Hao ni watu wa kweli au wa hadithi?"

"Wa kweli, Bibi."

"Sasa mbona unawapigia paukwa? Paukwa ya sungura. Mtu aliyekufa kwa njaa haanzwi hivyo. Anza upya, mwanangu, nnakusikiliza."

Machozi yalinijaa, Mama akainuka aje kunichukua. Sijui nilipata wapi ujasiri, nilimwambia sijamaliza. Nikaanza kama Bibi anavyowasimulia jamaa zake mwenyewe: walikaa wapi, walilima nini, asubuhi walikula nini. Sauti ilikuwa ndogo, ila hakuna aliyekuwa akitafuna. Nilipofika kwenye meli za waliohama, Bibi, ambaye naye aliondoka Unguja kwa meli kuja huku, mtoto mkononi, aliuliza kama watu wale walifunga milango yao. Sikujua. Mama Njeri, aliyealikwa siku ile, naye hakujua. "Katafute, uje utwambie," Bibi akasema, kama anayemtuma mtu mzima.

Nilitafuta. Ijumaa iliyofuata niliomba zamu mwenyewe, nikawaambia kwamba wengi walifukuzwa na wenye ardhi, na nyumba zikabomolewa mapaa ili wasirudi, hapakuwa na cha kufunga. Bibi akasema, "Mie mlango wangu niliufunga." Akaanza kutusimulia mambo ambayo hata Ami, mwanawe, hakuwahi kuyasikia.

Sasa nina miaka kumi na sita. Shuleni bado naona haya, mkono wangu hauinuki upesi kama wa wenzangu, na sidhani nitakuja kuwa kama Salim. Lakini kiangazi hiki mimi ndiye ninayewapangia wadogo zamu zao, na kabla hawajafungua mdomo nawauliza kama watu wao ni wa kweli. Masikio ya Bibi yamepungua nguvu. Zamu yangu ikifika ananikalisha karibu, kiganja nyuma ya sikio, anasema hasikii, nipandishe sauti. Napandisha. Anasema bado. Napandisha tena, mpaka shangazi walioko jikoni wanaacha wanachokifanya na kuja kusimama mlangoni.