Picha Tatu za Mdogo Wangu

Namba ya siri ya simu ya mdogo wangu niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kalamu ya bluu, juu ya kipande cha plasta. Fundi akakibandika nyuma ya simu, akaiweka kwenye droo pamoja na nyingine kama kumi hivi, kila moja na plasta yake, kila moja na namba zake. Hapa Mbugani hivyo ndivyo simu zinavyotengenezwa. Hakuna anayeuliza kwa nini mtu wa vioo na betri anahitaji kuingia mpaka ndani. Nina duka la madaftari mita chache kutoka kwake, nimemaliza kidato cha nne, najihesabu mjanja wa mji huu, na mimi pia sikuuliza.

Simu ilikuwa imelowa. Mdogo wangu ameolewa Ngonga, na ilimdondokea kwenye jaruba akipalilia mpunga. Aliniletea ikiwa imezikwa ndani ya mfuko wa mchele, maana watu walimwambia mchele unanyonya maji, akanisihi isikae sana kwa fundi. Alikuwa na sababu. Wiki moja kabla ya hapo aligusa uvimbe kwenye titi la kushoto, ukubwa wa mbegu ya kokoa iliyokauka. Binti wa shangazi yetu ni muuguzi Mbeya, akamwambia apige picha amtumie, amwonyeshe daktari. Mdogo wangu akajifungia chumbani, akapiga picha tatu. Jibu likarudi upesi: uje, usikawie, nitakupigia nikwambie siku. Simu iliyokuwa ikisubiriwa ni hiyo. Tuliojua habari hii tulikuwa watatu tu, yeye, muuguzi na mimi. Mumewe ni dereva wa lori, yuko Tunduma, na mdogo wangu alisema atamwambia akishapimwa.

"Huyo fundi unamjua, kaka?" aliniuliza.

"Mtu wa kwaya," nikamwambia. "Usiogope."

Na kweli anaimba kwaya, sauti ya nne, na ana watoto wanne. Kazi aliifanya vizuri. Siku ya pili simu iliwaka, nikampa ahsante kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, nikaiwahisha Ngonga kwa pikipiki.

Nimo kwenye kundi moja la simu la wanaume wafanyabiashara. Lilianzishwa kwa ajili ya bei ya kokoa na mchele, na bei huwekwa kweli. Ila katikati ya bei na salamu za rambirambi huwekwa na mambo mengine, ya wanawake, na hakuna anayekataza. Siku chache baada ya simu kurudi Ngonga, asubuhi, nikiwa nafungua maboksi ya madaftari, picha iliingia. Chini yake aliyeituma aliandika: mzigo mpya, Ngonga. Ilikuwa ya mwanamke asiyeonekana kichwa, kifua wazi, mkono umeinua titi moja kama anayemwonyesha mtu kitu.

Nitasema ukweli, kwa sababu bila huo maneno yangu yote hapa ni uongo mtupu. Niliifungua. Nikaikuza kwa vidole viwili. Nilikuwa natabasamu. Ndipo nikaona kovu begani.

Kovu lile nalijua. Alilipata akiwa na miaka mitatu, sufuria ya ndizi ilipomwagika jikoni kwa mama. Nilikwenda nyuma ya duka nikatapika chai na chapati, nikarudi nikakuta wameshaanza kucheka. Vibonzo vya kucheka mpaka machozi, vidole gumba juu. Mmoja akauliza nani anamjua. Nilikuwa nimeishika simu, kidole kiko juu ya herufi, na sikuandika kitu. Nilijiambia nikitamka neno watajua ni nani. Hiyo ni sababu nzuri, naweza kuisema mbele ya watu. Sababu ya pili ni kwamba niliona haya kuwa kaka wa mzigo. Nikaifuta kwenye simu yangu, kama vile kufuta kwangu kulimpunguzia mtu chochote.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kabla ya siku hiyo zilipita picha ngapi mbele ya macho yangu? Kila mwanamke alikuwa na kovu lake, na mahali fulani palikuwa na mtu anayelijua. Sikuwahi kutapika. Ninapojikumbuka na vile vidole viwili, najionea kinyaa kuliko ninavyomwonea fundi, na fundi namwonea kinyaa sana.

Nilimwendea siku hiyo hiyo. Alikuwa anapuliza vumbi kwenye kioo cha mtu mwingine.

"Kaka, simu zinapita nyingi hapa," alisema. "Nitajuaje mimi?"

"Hapa Mbugani picha zile zilikuwa kwenye simu moja tu, na nilikuachia wewe."

"Sasa mtu na akili zake anaweka picha kama zile kwenye simu ili iweje?"

Hakuinua hata uso. Mwosha maiti huona aibu yote ya marehemu, akatoka nje, akanawa mikono, na hasemi. Huyu hata kunawa hakunawa. Jumapili iliyofuata nilimwona amesimama mstari wa nyuma na joho lake, anaimba, na sauti yake ilikuwa nzuri kama kawaida.

Nikaenda kushtaki, kwenye ofisi ambayo sitaitaja. Afisa akaomba kuiona picha. Nikamwambia nimeifuta. Akasema bila ushahidi hakuna kesi, nikaitafute. Basi nikamwandikia mwanakundi mmoja nikamwomba anitumie picha ya mdogo wangu. Akanitumia na kicheko: umeikubali, eeh? Nikarudi nayo kwa afisa. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, halafu akasema nimrushie kwenye simu yake ili afungue jalada. Simu yake mwenyewe, ya mfukoni. Nikamrushia. Mpaka leo sijui niliwaza nini.

"Aliyepiga ni nani?" akauliza.

"Yeye mwenyewe."

"Basi na yeye ana kesi. Kutengeneza picha ya utupu ni kosa. Umlete."

Nikamweleza kuwa ni picha ya daktari. Akaigeuza simu kushoto na kulia, akaniuliza ni wapi palipoandikwa kwamba ni ya daktari.

Sheria zipo, sisemi hazipo. Ipo ya makosa ya mtandao, ipo ya kulinda taarifa binafsi, na kwenye semina ya wafanyabiashara tuliwahi kuelezwa namna ya kutunza taarifa za wateja wetu, tukapewa soda na kalamu. Fundi hakuwepo, alikuwa na kazi nyingi. Nilijaribu pia kulalamika kwa mtandao wenyewe uliobeba picha. Fomu yao ya Kiingereza iliniuliza kama mimi ndiye niliye kwenye picha. Nikajibu hapana, ikajifunga. Nilipojaribu tena na kudanganya kuwa ni mimi, ikataka anwani ya ukurasa picha ilipo. Picha haina ukurasa. Iko mifukoni mwa wanaume wa wilaya nzima.

Kabla sijaenda Ngonga kumweleza, picha ilikuwa imekwisha kufika.

Kwetu Wanyakyusa mke na baba mkwe hawatazamani. Ulokole na shule vimelegeza mengi, lakini mkwe wa mdogo wangu ni mtu wa zamani. Kwa miaka tisa, akikaribia uwanja wa nyumba ya mwanawe anakohoa, na mdogo wangu anaingia ndani au anageukia migomba na kanga kichwani. Chakula chake hupelekwa na watoto. Mimi mila hii nilikuwa naicheka, naiita ushamba. Sasa naona kwamba mzee yule na kikohozi chake alikuwa akimlindia mtu haki yake kuliko sisi wote wenye vyeti na semina.

Mwanawe alimnunulia simu kubwa, na wakulima wenzake wa mpunga wakamwingiza kwenye kundi lao. Picha ikaingia humo. Mzee akaifungua akidhani ni tangazo la mkutano. Mwili hakuujua, angeujuaje? Alijua dirisha lililokuwa nyuma yake, kwa sababu alilijenga yeye, na mbao zake zimekaa upande.

Hajui kuandika kwenye simu. Akabonyeza pa kurekodi sauti, akasema kwa Kiswahili chake, akiwaita "enyi watu" kwa Kinyakyusa: "Mwe bandu. Huyo ni mke wa mwanangu. Nyumba hiyo ni yangu, hapa Ngonga. Muifute, mwe bandu, muifute."

Hakuwahi kulitaja jina la mkwewe, na hata hapo hakulitaja. Lakini aliwapa yote waliyokosa. Mpaka dakika ile alikuwa mwanamke asiye na kichwa. Baada ya sauti ya mzee alikuwa na mume, nyumba na kijiji. Sauti ikaungwa na picha, zikaenda pamoja, zikafika Matema, zikavuka mpaka Malawi kwa jamaa zetu wa huko. Vijana wa bodaboda wakaigeuza salamu. Ukipita stendi unasikia mtu mzima anamwiga mzee, muifute, mwe bandu, na wenzake wanashika mbavu.

Nilipofika Ngonga, mzee alikuwa nyuma ya nyumba yake, amenipa mgongo, ingawa hakuna mila inayotukataza mimi na yeye kutazamana. Nikamwamkia. Akaitikia, akauliza bila kugeuka:

"Na kundi lenu liliipata?"

"Liliipata, baba."

"Ukawaambia nini?"

"Sikuwaambia kitu."

Akakohoa, nadhani ni mazoea tu. Nyumba ya pili nikasikia mdogo wangu anasogea mbali na mlango.

Nilimkuta ameketi sakafuni, simu imefunikwa kifudifudi. Muuguzi alikuwa ameshapiga kumpa siku, na yeye hakupokea. Mumewe alikuwa amepiga pia kutoka Tunduma. Hakuuliza habari ya uvimbe. Aliuliza picha kama hizo amewatumia wanaume wangapi.

"Twende Mbeya," nikamwambia. "Nitakupeleka mwenyewe."

"Nivue tena mbele ya mtu mwenye simu mfukoni?"

"Daktari ameapa. Si kama wale."

"Fundi naye uliniambia ni mtu wa kwaya."

Akaniuliza mimi niliiona wapi. Nikamwambia. Akauliza kama kabla ya zake ziliwahi kuja za wengine kwenye kundi hilo, nikasema ziliwahi, akauliza nilikuwa nafanyaje zikija. Kuku walikuwa wameingia ndani wanadonoa pumba, nikasimama nikawafukuza. Nilichukua muda mrefu kuwafukuza.

Hakwenda Mbeya. Muuguzi alipiga, alituma ujumbe, alikuja mwenyewe siku ya mapumziko yake, akalala Ngonga usiku mmoja akarudi. Mdogo wangu alikuwa na jibu moja, kwamba hatavua. Aliacha kwenda kanisani, akaacha kwenda gulioni. Mpunga ukakomaa, ukavunwa, ukapigwa. Mzee alihama njia yake ya zamani, akawa anazunguka mbali kupitia shamba la jirani, na uwanjani kwa mdogo wangu kikohozi hakikusikika tena. Mkono wa kushoto ulipoanza kuvimba akashindwa kuinua ndoo ya maji, ndipo alipokubali.

Hospitalini aliomba jambo moja, kwamba kila atakayeingia chumbani aache simu nje. Muuguzi alisimama mlangoni akawa anazipokea. Wapo waliokasirika. Daktari hakukasirika, alimpima kwa upole, kisha akamuuliza aliugusa uvimbe lini kwa mara ya kwanza. Akamtajia. Daktari akahesabu miezi kwa vidole vyake chini ya meza, nilimwona, akauliza kwa nini amekawia hivyo. Mdogo wangu akanigeukia mimi ili nijibu.

"Kulikuwa na matatizo ya kifamilia," nikasema.

Titi lilikatwa. Daktari alisema kuna kazi nyingine ndefu iliyobaki, ya dawa, na kwamba kama tungekuja mapema tungekuwa tunaongea maneno mengine. Sikupata ujasiri wa kumtazama muuguzi wakati anatafsiri mengine kwa Kinyakyusa ili mdogo wangu aelewe vizuri.

Siku ya tatu nilimkuta ameegemezwa mto, amekunywa uji nusu kikombe. Tuliongea habari za watoto, nani anawapikia, kama mbuzi amezaa. Halafu akaniuliza kama bado inazunguka. Nilifikiri nimdanganye, nikaona uongo wangu umeshamgharimu vya kutosha.

"Juzi ilirudi tena," nikamwambia.

Akaweka kiganja juu ya bandeji, taratibu, pale ambapo sasa palikuwa bapa.

"Basi huko ndiko liliko," alisema. "Mimi sinalo tena. Wanalo wao."

Kisha akaniuliza nimejuaje kuwa ilirudi juzi.