Kidole Gumba cha Karani

Karani wa barua anayekaa nje ya posta ya Garissa huchomeka kalamu nne mfukoni mwa shati, na tatu kati yake zimekauka wino. Ukimletea kalamu ya zamani aikadirie bei, huigonga kwenye jino, huinusa, kisha huguna kama daktari mwenye habari mbaya. Sijawahi kumsikia akisifu ya mtu.

Juzi Mama Ugbad alileta ya marehemu mumewe, aliyekuwa mkalimani kwa DC. Alitaka kuiuza amnunulie mwanawe dawa. Karani akaifuta ncha, akaigeuzia jua, nami kutoka kwenye madumu yangu ya maziwa, kando yake tu, nikaiona namba kumi na nne, ile masonara huitafuta kwenye dhahabu. Kidole chake gumba kikaifunika papo hapo.

“Wallahi, habaryar, mama mdogo, hii ni bati tu. Shilingi hamsini, tena ni huruma.” Huku akisema, akaifunga polepole na kuichomeka mfukoni.

“Kama ni bati, mbona uliishika kama yai? Nirudishie.” Mama Ugbad akamkunjulia kiganja.

Akaguna, akatoa moja ya zile kavu.

“Si hiyo,” Mama Ugbad akasema, kiganja bado kiko wazi.