Nyundo ya Papa Kalume

Kanisani kwetu Brooklyn Center, hapa Minnesota, wengi walimjua Kalume kama yule mzee Mkongomani anayeketi safu ya mbele na kusinzia wakati wa mahubiri. Mimi nilimjua kama jirani wa ghorofa ya juu, na nisiseme uongo, mwanzoni alinichosha. Kila Jumamosi saa mbili asubuhi alikuwa tayari amesimama kando ya gari langu, koti limefungwa mpaka kidevuni, akingoja nimpeleke kwenye treni yake. Mimi ni nesi. Ijumaa natoka zamu kwenye nyumba ya wazee ya Golden Valley mgongo ukiwa umekufa. Lakini mchungaji alikuwa ameomba mtu mwenye gari na Kiingereza cha kutosha, na Makena mimi, kwa kiherehere changu, nikainua mkono.

Treni yenyewe ilikuwa kichwa kimoja kidogo cha mvuke, cha reli nyembamba, ambacho zamani kilikuwa kikivuta mawe kwenye machimbo ya Wales. Tajiri mmoja alikinunua akakileta Minnesota kwa meli, akafa kabla hajakiwasha. Sasa kilikuwa katika karakana moja ya wastaafu waliopenda treni, wazee wa Kizungu kama wanane hivi, wakiongozwa na mzee mrefu aitwaye Duane. Walikuwa wamekifungua chote. Boila, lile pipa la chuma linalochemsha maji kuwa mvuke, lilikuwa limenyanyuliwa na kuwekwa juu ya magogo, na hapo kazi ikawa imekwama.

Kalume alipelekwa pale mara ya kwanza kwa matembezi tu, mwishoni mwa mwaka 2013, pamoja na familia nyingine za wakimbizi. Wenzake walipiga picha, wakanywa kahawa. Yeye alichuchumaa kando ya boila, akaokota nyundo ndogo iliyokuwa pale chini, akaanza kugonga vichwa vya bolti kimoja baada ya kingine, kichwa chake kikiwa kimeinama. Duane alikuja mbio kumzuia, kisha akasimama, akatazama.

Nieleze kidogo, maana hata mimi ilibidi nielezwe. Tanuru la moto liko ndani ya boila, na kuta za tanuru na za boila zimeshikanishwa kwa bolti, zaidi ya mia mbili katika kichwa kile kidogo. Bolti ikikatika ndani huwezi kuiona, lakini ukiigonga unaisikia. Iliyo nzima inalia kama kengele ndogo. Iliyokatika inatoa sauti ya kugonga gogo. Zikikatika kadhaa mahali pamoja, siku moja ukuta unaachia, na wanaosimama karibu na moto hawaendi nyumbani.

Kalume aliijua kazi hiyo kuliko kitu kingine chochote duniani. Aliingia karakana ya reli ya Kalemie, kando ya ziwa kule Kongo, akiwa na miaka kumi na saba, akatengeneza maboila zaidi ya miaka thelathini, mpaka vita vilipomtoa mwaka 1998. Alivuka ziwa na mkewe Ernestine, wakakaa kambini Tanzania miaka kumi na minne. Walipofika Minneapolis alikuwa na miaka sitini na minne, na kila ofisi aliyoingia ilimwambia kwa upole apumzike. Alilichukia neno hilo. "Miye sikuchoka," aliniambia. "Ni nani aliwaambia nilichoka?"

Siku ile ya kwanza alitia alama ya chaki kwenye bolti kumi na moja. Wazee wale wakazitoboa kuhakikisha, na zote kumi na moja zilikuwa zimekatika. Hakuna aliyepiga kelele, lakini Jumamosi iliyofuata alikuta ovaroli mpya inamngoja, jina lake limeshonwa kifuani. Tangu hapo akawa fundi tena. Hata mwendo wake ulibadilika. Nilimwona akipanda ngazi za kanisa bila kushika chuma, akisalimia watu kwanza badala ya kungoja kusalimiwa.

Na mimi, niliyechoshwa naye, nikaanza kumpenda. Baba yangu alikufa Meru mwaka 2011 wakati makaratasi yangu ya uhamiaji hayajakamilika, nikatazama mazishi yake kwenye simu, nimeketi kwenye choo cha wafanyakazi. Sitaki kulirefusha hilo. Ni kwamba tu Jumamosi, Papa Kalume akiwa kiti cha pembeni akinieleza habari za mvuke na mimi nikimtania kwamba anaoga kwa grisi, nilikuwa najisikia binti wa mtu.

Ni mimi niliyegundua kwanza, maana kazi yangu ni wazee. Mwaka 2015 alianza kutazama midomo ya watu. Ukimwita ukiwa nyuma yake hageuki. Kanisani akawa anapiga makofi kwa kufuata mikono ya watu, akichelewa kidogo. Sauti nzito alizisikia bado, lakini zile nyembamba zilikuwa zinamtoka. Miaka thelathini ya kupiga chuma ndani ya chuma ilikuwa imemla masikio. Nilimwambia siku moja, kwa mzaha, kwamba Papa tukaangalie masikio kwa daktari. Akacheka. "Masikio yangu? Haya ndio yananilisha." Nikaacha.

Kule karakana hakuna aliyejua. Mimi ndiye niliyekuwa namtafsiria, na kwa sababu ya kutafsiri nilikuwa namrudilia maneno karibu na uso wake, taratibu, kwa mikono. Wazungu wale waliona ni lugha. Nami niliwaacha waone hivyo.

Mwezi wa tano 2016 bolti mbovu zote zilikuwa zimebadilishwa. Mkaguzi wa serikali alikuwa anakuja Ijumaa, na kichwa kikipita ukaguzi, Jumamosi kingewashwa moto. Kilichobaki ni Kalume kupita mara ya mwisho na nyundo yake. Duane alisema wazi kwamba yeye hatakaribia moto mpaka Mister Kalume aseme boila ni zima.

Alianza kugonga. Mimi nilichuchumaa kando yake nimeshika tochi, wazee wamesimama nyuma yetu kimya, kofia mkononi, kana kwamba wako msibani. Kufikia hapo nilikuwa nimesikiliza nyundo ile miaka miwili na nusu, na sikio langu lilikuwa limejifunza bila kuniuliza. Kengele, kengele, kengele. Safu ya nne, karibu na kona, nikasikia gogo.

Nilimtazama. Alikuwa ananitazama mimi. Akaigonga tena, nikasikia gogo tena, wazi kabisa. Kisha akaitia alama ya chaki ya nzima, akaendelea na inayofuata.

Ningeweza kusema pale pale. Maneno mawili tu. Lakini nimelelewa na watu ambao kwao mtoto hamkosoi mzazi mbele ya wageni, hata mzazi akiweka kiatu mguu usio wake. Unangoja. Unampelekea neno kwa njia yake. Na wale hawakuwa wageni tu, walikuwa mafundi wenzake. Nikajiambia nitamwambia garini. Garini aliimba wimbo wa kwaya mpaka Brooklyn Center, akigonga goti lake, na nikashindwa. Niliogopa, na heshima ikanipa jina zuri la kuuita ule uoga.

Jumapili baada ya ibada nilimfuata Mama Ernestine jikoni kwake, akiwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, nikamwambia yote. Hakushangaa. Akaendelea kutwanga kidogo, kisha akauacha mchi.

"Tangu kambini hasikii muzuri," alisema. "Mutoto akilia, alikuwa ananiuliza miye kama analia."

"Mama, ile boila itawashwa Saturday. Watu watasimama pale."

"Najua. Ni miye nitamwambia. Weye ukimwambia, atakufa."

Nikashukuru Mungu, na nikaona ndivyo ilivyotakiwa kufanyika, mke kwa mume, ndani ya nyumba. Nililala vizuri siku mbili.

Jumatano, siku yangu ya mapumziko, Kalume akagonga mlango wangu mchana. Alikuwa amevaa suti ya kanisani. Hakunisalimia, nikajua Mama Ernestine amemwambia. "Tuende," alisema, na njia nzima akatazama dirishani.

Duane alikuwa karakana peke yake, akipaka rangi. Kalume akavua kofia, akasimama mbele yake wima. Akazungumza Kiswahili, akimtazama Duane usoni, si mimi.

"Mwambie masikio yangu yamekwisha. Mwambie asiamini nyundo yangu."

Nimewahi kuwaambia watu kwamba mama yao amefariki. Nimewahi kuwaambia kwa lugha tatu. Sijawahi kupata shida ya kutoa sentensi kama niliyopata siku ile. Nikaisema kwa Kiingereza, na Duane akabaki ameshika brashi, rangi ikidondoka kwenye kiatu chake.

"Sasa onyesha," Kalume akaniambia. "Ile ulisikia."

Nilikwenda kwenye safu ya nne nikaigusa. Kalume hakuuliza imekuwaje nikajua. Duane akaleta mashine ya kutoboa, na haikuchukua muda. Bolti ilikuwa imekatika katikati, nusu na nusu. Kalume akatia kidole kwenye tundu, akakaa nacho pale. Duane alinishika bega, akasema nimwambie mzee kwamba nafasi yake ipo siku zote, kuna rangi ya kupaka, kuna shaba ya kung'arisha. Nikatafsiri. Kalume akamshika mkono kwa mikono miwili, akasema asante kwa Kiingereza, akaiweka nyundo juu ya meza ya vifaa.

Aliongea tukiwa tumefika nyumbani, gari limezimwa.

"Ile siku ulisikia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na ukanyamaza."

"Papa, ningesemaje mbele ya watu? Nilikuheshimu."

Hakuwa na hasira, na ningefurahi angekuwa nayo.

"Ku atelier yetu ya Kalemie, mutu akisikia bolti imekufa anapiga kelele. Hata kama ni petit apprenti, mutoto wa kujifunza kazi, hata kama ni chef, mukubwa wetu, ndiye alikosea. Ile ndio heshima ya mafundi." Akafungua mlango wa gari. "Wazee wa huku walinihesabu fundi. Weye ulinihesabu muzee tu."

Alikuwa amesema kweli. Ofisi zote zilimwambia apumzike, na mimi niliyemwita Papa nikafanya vile vile, kwa kunyamaza.

Hakurudi karakana. Jumamosi mbili nilingoja garini mpaka saa tatu. Wazee wale waliahirisha ukaguzi, wakaanza upya, wakachukua wiki sita, wakagonga wenyewe na kupima kwa mashine, wakapata nyingine mbili. Mwezi wa saba kichwa kikawashwa. Nilikwenda peke yangu. Watoto walipanda, mvuke ukapanda, watu wakapiga makofi, na Duane akanitafuta kwenye umati, macho mekundu, akaniomba nimpelekee mzee ujumbe.

Nilipanda moja kwa moja kwao nikiwa nanuka moshi. Kalume mwenyewe alifungua mlango, Ernestine yuko kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Nikamwambia kwa sauti ya kawaida. Akatazama midomo yangu, akatikisa kichwa kwamba hapana. Nikarudia. Hapana.

Basi nikapiga kelele. Pale koridoni, mchana, nilipiga kelele kama mtu anayeita gari lisimwache, kwamba Duane anasema boila limeshika, Papa, halivuji hata tone. Milango ikafunguliwa huku na huku, majirani wakatoa vichwa, wote wakajua kwamba mzee hasikii. Hakuwajali. Alikuwa ameelewa, na uso wake ukalainika kidogo.

"Na ile bolti? Muliibadirisha?"

"Tuliibadilisha!"

"Na zile za kando yake? Muligonga tena zile za kando yake?"

Sikujua. Sikuwa nimeuliza. Nikamwambia hivyo kwa sauti kubwa, na yeye akaguna kama fundi kwa mwanafunzi wake, akafunga mlango polepole. Nikashuka kuelekea kwangu, nikaketi kwenye ngazi na funguo za gari mkononi, nikalia.