Bokali ya Nne

Ofisi ya prefe, yaani mkuu wa shule, pale shuleni kwetu Bunia, ilikuwa na kabati lenye bokali nne, chupa za kioo zenye mdomo mpana, zilizojaa dawa ya kuzuia viumbe visioze. Ziliachwa na mapadri waliofundisha hapo kabla wazazi wetu hawajazaliwa. Ya kwanza ilikuwa na farasi wa baharini, mrefu kama kidole. Mwalimu wa biolojia alituapia kwamba kwa mnyama huyo dume ndiye anayebeba mimba, na wasichana wakataniana na wavulana wiki nzima. Ya pili ilikuwa na nyota ya bahari iliyokatika mkono mmoja, na ya tatu mnyama wa mviringo mwenye miiba mwili mzima. Ya nne ilibandikwa karatasi yenye wino uliofifia: Cténophore.

Huyo wa nne ndiye aliyekuwa fahari ya mwalimu. Alitusomea habari zake, nasi tukaandika. Hana mfupa, hana moyo, hana ubongo. Mwili wake ni utelezi mtupu, unaopitisha mwanga kama maji. Ubavuni ana mistari minane ya vinywele vilivyopangwa kama meno ya kitana, na vinywele hivyo vikipiga maji, mwanga hugawanyika katika rangi zote za upinde wa mvua. Sisi, ambao maji makubwa tuliyoyajua ni Ziwa Albert, tulisikiliza kwa adabu. Kisha mwalimu akaiweka bokali juu ya meza, akatupanga mstari, kila mmoja apite, atazame, arudi kuchora alichokiona.

Nilipofika mezani niliona maji ya manjano. Niliinama, nikatazama kutoka upande wa dirisha, nikaona maji ya manjano yale yale. Nilirudi kwenye kiti changu nikachora yai lenye mistari minane na mikia miwili mirefu, nikakoleza kivuli vizuri kwa penseli. Nilipewa tisa juu ya kumi, na daftari langu likazungushwa darasani.

Nyuma yangu kwenye mstari alikuwa mdogo wangu. Tulisoma darasa moja kwa sababu mimi nilikuwa nimerudia mwaka, jambo ambalo yeye hakuwahi kunikumbusha hata tulipogombana. Karatasi yake ilikuwa nyeupe. Mwalimu alimsimamisha akamuuliza ana macho ya namna gani, ikiwa wenzake wote wamemwona mnyama.

"Mu bokali iko maji tu, mwalimu," alisema.

Alipewa sifuri na kupigishwa magoti mbele ya kabati hadi kengele ya mwisho. Njiani kurudi nyumbani aliniuliza kama kweli nilimwona. Nikamjibu kwamba aliye na akili anaona. Alitembea mbele yangu mpaka mtaani kwetu Rwambuzi.

Miaka ilipita, nami nikawa mwalimu wa biolojia katika shule ile ile. Nilipokuwa nasomea kazi hiyo nilikuta katika kitabu maelezo mafupi kwamba wanyama hao ni vigumu mno kuhifadhi, kwamba wengi wao wakitiwa katika dawa husambaratika na kuyeyuka, wasibakize kitu. Nilisoma mara mbili. Mdogo wangu alikuwa amesema kweli, na darasa zima, pamoja na mwalimu, tulikuwa waongo. Niliahidi moyoni kumwambia. Wakati huo yeye alikuwa akinunua samaki Tchomia, ufukoni mwa ziwa, akiwakausha kwa moshi na kuwaleta sokoni Bunia, na kila Jumapili alikula kwetu. Kila Jumapili neno lilinifika ulimini nikalimeza pamoja na ugali. Mimi ndiye niliyekuwa msomi wa nyumba. Niliona haya, na haya ile ilikuwa kiburi tu.

Halafu mtumbwi wa injini aliopanda ulipinduka ziwani, umejaa watu na magunia.

Waliookolewa walikuwa wachache, yeye hakuwa mmoja wao. Barabara ya kwenda ziwani ilikuwa imefungwa kwa sababu ya risasi, kama kawaida yetu, kwa hiyo tulikaa tukisubiri habari za simu. Mama alikataa kukaa matanga. Alisema huenda mwanawe ameokotwa upande wa Uganda, kwamba simu yake imeingia maji ndiyo maana haiiti. Alimtengea sahani yake kila jioni. Pikipiki ikisimama nje, aliinuka kwenda mlangoni, akarudi, akaketi. Yeye mwenyewe aliacha kula. Miguu ikaanza kumvimba, akashindwa hata kufika mlangoni bila kushika ukuta.

Baba mkubwa alitoka Djugu kuja kumaliza shauri. Kwetu, mtu ambaye mwili wake haukurudi huzikwa kwa kipande cha mgomba kilichofungwa katika shuka, ili wafiwa walie, wanyolewe, waendelee kuishi. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema yeye hakuzaa mgomba. Baba mkubwa alinivuta pembeni akaniambia kwamba mama yangu ananifia mikononi, na kwamba mimi ndiye mtu pekee ambaye mama ataliamini neno lake. Barabara ilipofunguliwa nilikwenda Tchomia.

Nilichelewa. Miili mitatu ilikuwa imetupwa ufukoni na maji, na watu wa pale, kwa sababu ya joto na harufu, waliizika siku hiyo hiyo katika shimo moja juu kidogo ya mahali pa kuanikia samaki. Mwanamke aliyekuwa akigeuza samaki juu ya majani alinionyesha. Nilimuuliza nyuso zao. Alisema hawakuwa tena na nyuso. Nilimuuliza nguo, akasema hakutazama, akaniomba nimsamehe. Nilisimama mbele ya lundo la udongo wenye alama za koleo. Nililitazama upande huu, nikazunguka, nikalitazama upande wa pili. Udongo tu.

Nilifika nyumbani kesho yake mchana. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, uso kwa mlango. Baba mkubwa alinitazama, kisha akatazama chini.

"Ulimuona?" mama aliuliza. "Na macho yako?"

"Nilimuona, mama."

"Alikuwa anavaa nini?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo, lakini mkono wangu ulishazoea kuchora. Nilisema alikuwa amevaa sweta ya kijani, ile aliyofumiwa na mama mwenyewe kwa ajili ya baridi ya alfajiri ziwani. Nikaongeza kwamba vifungo vyote vilikuwa vimefungwa. Niliongeza kwamba uso wake ulikuwa umetulia. Nilieleza vizuri sana. Nilijichukia, na bado niliendelea.

Mama alinitazama kama mtu anayetafuta kitu katika uso wa mtoto wake, kisha akafumba macho.

"Basi," alisema. "Tuzike."

Tulizika mgomba siku ya pili. Mama alilia kwa sauti iliyowatoa majirani nyumbani kwao, akanyolewa, na jioni alikula ugali kidogo na mboga. Baba mkubwa alinishika bega, akaniambia nimefanya kazi ya mwanaume, akarudi Djugu kwenye mashamba yake. Kwa siku kadhaa nilijidanganya kwamba ndivyo ilivyo. Miguu ya mama ilianza kupungua uvimbe.

Siku ambayo nilitakiwa kurudi kufundisha niliamka mapema. Mvua ilikuwa imenyesha na hewa ilikuwa ya baridi. Mama aliniita chumbani kwake. Alikuwa amefungua sanduku lake la bati, lile ambalo hatukuruhusiwa kuligusa tangu utotoni. Alitoa sweta ya kijani, akaikung'uta, akanipa. Kiwiko cha mkono wa kushoto kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mpya.

"Aliniachia Jumapili ile ya mwisho, nimushonee," alisema. "Uvae. Asubuhi baridi iko mingi."

Nilitaka kupiga magoti pale mbele ya sanduku, lakini mama alikuwa tayari ameshika ufagio, ananipa mgongo.

Niliivaa. Mikono ya sweta iliishia juu kidogo ya vifundo vya mikono yangu, maana mdogo wangu alikuwa mfupi kuliko mimi. Siku hiyo ratiba ilikuwa wanyama wa baharini. Niliitoa bokali ya nne kabatini, nikaiweka juu ya meza, wanafunzi wakapita mmoja mmoja wakatazama. Wote walirudi kwenye viti vyao wakachora mistari minane, na mimi nilisimama pale katika ile sweta nikingoja mmoja, hata mmoja, aniletee karatasi nyeupe.