Riwaya Tuliyoisoma kwa Sauti

Mwezi uliopita nilisoma riwaya ya mjane mzee anayeshukiwa uchawi na majirani zake. Nilimsomea shangazi yangu, ambaye macho yamemwishia nuru, kila baada ya sala ya alasiri, barazani kwake Mwabungo.

Mwandishi haanzi na vitisho. Anaanza na salamu. Mjane anasalimu, watu wanaitikia kwa uvivu, na kurasa chache mbele hawaitikii kabisa. Nilikuwa nikiusifu ufundi huo pale shangazi aliponikatiza.

"Huyo mwandishi ni mtu wa huku?"

"La, shangazi. Ni wa mbali."

"Basi amewajuaje majirani zangu?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba tangu mtoto wa jirani ashikwe na kifafa, nyumba ile haimwitikii. Juzi aliwapelekea mbaazi za nazi. Bakuli likarudi limejaa.

Nikafunga kitabu.

"Soma," akasema. "Nataka kujua walimfanya nini."

Mwisho nilikuwa nimeshauchungulia. "Walimchomea nyumba, shangazi."

"Wageni?"

"Mmoja wao alikuwa mtoto wa nduguye."

Akaukunja mkeka wake, akaingia ndani kabla ya adhana ya magharibi.

Asubuhi nilikwenda kwa jirani kumjulia hali mgonjwa. Baba wa mtoto alinipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani.

"Mnasoma nini pale kila jioni?" akaniuliza.

"Hadithi tu. Kitabu cha hadithi."

"Hadithi gani ya kusomewa mtu mzima kila siku, saa ile ile? Tangu muanze, mtoto anaanguka zaidi."

Nilitaka kwenda kumletea kitabu akione. Nikaona haitafaa. Ningemfungulia ukurasa gani, na kila ukurasa una neno uchawi?

Siku hiyo hiyo nilimhamishia shangazi kwa binti yake, Kombani. Aliondoka na mkeka wake na kuku wawili, akilalamika kwamba muhogo wake ulikuwa karibu kuchimbwa. Jirani tulimwambia anakwenda kutibiwa macho, basi.

Ijumaa nilirudi kuitazama nyumba. Makuti ya upande mmoja yalikuwa yamevutwa chini, na muhogo wote umeng'olewa, hata ule mchanga usiokomaa. Baba wa mtoto akaja akasimama karibu nami, mpole kabisa.

"Bi mkubwa hajambo?"

"Hajambo, alhamdulillahi."

"Na pale Kombani," akasema, "anakaa upande gani?"

Sikuwa nimemtajia mtu Kombani.