Akina Mila wa Dunia

Juzi nilikwenda ofisi ya leseni za magari, ile ambayo ukiingia asubuhi unatoka umezeeka, na karani akaita jina langu. Tukasimama watu watatu. Mmoja alikuwa mzee wa Kizungu aliyevaa kaptura na soksi za kuvuta hadi magotini, mwingine binti wa rangi ya maji ya kunde mwenye mtoto mgongoni, na wa tatu mimi. Karani akatazama karatasi yake, akatutazama sisi. "Eish," akasema, "nyote?" Mzee akacheka mpaka akakohoa. Kumbe yeye ni Muller, binti ni Miller, nami ni Mila, na kwa jinsi watu wa Durban wanavyotamka, sikio haliwezi kututenganisha. Aliyetakiwa alikuwa mzee, sisi wengine tukarudi kukaa. Lakini nilipokaa, rafiki yangu, moyo ulikuwa umeshafika Point, mtaa wa karibu na bandari, ghorofa ya nne, kwa Bibi yangu.

Usifikirie Point ya leo yenye majengo ya vioo na watu wanaokimbia na mbwa wao. Point yetu ilikuwa maghorofa ya zamani yaliyobabuka rangi kwa chumvi ya bahari. Lifti ilikuwa imekufa kabla hatujahamia, na maji yakikatika watoto wote wa jengo tulipanda ngazi na ndoo, tukimwagiana kwa makusudi. Meli zilipiga honi mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Kwenye korido harufu ya pondu, kisamvu cha Wakongo, na samaki wa chumvi ilipishana na ya mafuta ya nywele, maana jirani yetu, mama mmoja wa Bukavu, alisukia wateja mlangoni kwake. Baba alipakia malori kwenye maghala ya Clairwood, mama alisafisha vyumba vya hoteli za ufukweni, na mimi nikitoka shule nilikuwa wa Bibi.

Bibi, mama yake baba, aliletwa kutoka Tukuyu miguu ilipoanza kumsumbua. Durban haikumwingia upesi. Unga wa dukani aliuona mweupe mno, akauchekecha hata kama hauna kitu cha kuchekechwa. Ndizi za kupika alizifuata Isipingo kwa teksi, akizibonyeza moja moja mpaka muuzaji akaishiwa subira. Na watoto wa Kizulu walipomwamkia kwa heshima zao zote, "Sawubona, gogo," alinuna siku nzima, akiuliza amekosa nini hata aitwe gogo la mti. Nilimweleza kwamba kwa Kizulu gogo ni bibi. Akasema basi lugha hiyo ina utani na wazee.

Kilichompa fahari kupita vyote ni jina. Kwao Tukuyu ukirusha jiwe gizani litampata Mwa-fulani, maana majina ya koo huko karibu yote huanza hivyo. Sisi peke yetu tulikuwa Mila. Bibi alinieleza, huku tukichambua mchele, kwamba baba yake aliitwa hivyo kwa kuwa alikuwa mshika mila, mtu wa desturi, asiyevunja miiko. Ushahidi wake ulikuwa methali. "Mwacha mila ni mtumwa," alikuwa akisema, na mimi kwa miaka mingi niliamini kwamba methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya ukoo wetu, na Waswahili wengine waliiazima tu.

Lakini fahari ile ilikuwa na kidonda ndani yake. Bibi alikuwa na kaka mmoja tu, mkubwa wake. Kaka huyo alikwenda migodini Sauzi angali kijana, kama walivyokwenda wanaume wengi wa kwetu, na hakurudi. Mchimbaji mmoja aliyerejea alileta habari kwamba mwenzake ameacha mgodi, amekwenda Durban kubeba mizigo bandarini. Baada ya hapo kimya. Bibi alifiwa na mume mapema, na mwanawe alipoanza shule alimwandikisha kwa jina la Mila badala ya jina la marehemu mumewe. Wakwe walikasirika sana. Aliwajibu kwamba kaka yake akirudi, au akituma mtoto, atatafuta Mila, na lazima amkute Mila. Ndivyo baba alivyopata jina, na mimi baada yake. Na Bibi alipokubali kuja Durban, miguu ilikuwa sababu ya pili. Alikuja kumtafuta kaka yake.

Aliuliza kila mahali. Kwenye ibada yetu ya Kiswahili alisimama baada ya matangazo na kuuliza kama kuna aliyewahi kusikia habari za Mila. Aliwauliza wauza ndizi. Aliwauliza madereva wa teksi kwa Kiswahili, nao wakamjibu kwa Kizulu, na wote wakaagana kwa furaha bila kuelewana. Baba alimwomba aache, akimwambia mji huu ni mkubwa na miaka imepita. "Milima ndiyo haikutani," alijibu Bibi, akaendelea.

Sasa fikiria nilivyorudi nyumbani siku ile. Tulikuwa tumeingia darasa jipya, na mwalimu alikuwa mgeni shuleni, mama mrefu mwenye mvi za kwanza na vumbi la chaki kwenye sketi. Alisimama mbele akataja jina lake, na jina lilikuwa Mila. Alilitamka kwa upole, kama Bibi mwenyewe anavyolitamka. Alipoliandika ubaoni lilikuwa na herufi nyingi kuliko langu, na juu ya herufi u vikakaa vidoti viwili, lakini hilo halikunisumbua. Nilishajua kwamba Wazungu hawaandiki wanavyosema. Nikaona ni Mila ileile, imevalishwa nguo za kutokea. Nilipanda ngazi zote mbio, nikamwambia Bibi kwamba mwalimu wangu mpya ni Mila.

Bibi aliweka chekecheke chini. Aliuliza huyo mwalimu ana umri gani. Nikasema ni mkubwa kuliko baba. Akauliza kama ni mrefu. Nikasema ni mrefu sana.

"Kaka yangu alikuwa mrefu," akasema, akaketi kitandani na unga wake mikononi.

Hakuniuliza zaidi, nami sikuongeza. Kwamba mwalimu ni Mzungu hata halikunijia kulisema. Nilikuwa mtoto, na jina lilinitosha.

Kesho yake Bibi aliamka kabla ya honi za bandarini. Alipika ndizi kwa nyama, zile laini zinazotokota polepole mpaka mchuzi unakuwa mzito, akazitia kwenye hotpoti kubwa ya wageni. Akavaa kitenge kipya na viatu vya kanisani. Baba na mama walikuwa wameshatoka kwenda kazini, kwa hiyo jirani yetu msusi ndiye aliyetusindikiza, hotpoti kichwani. Njia nzima Bibi alikuwa akipanga maneno. Alitaka kuanza na habari za msiba, jinsi baba yao alivyokufa akimtaja mwanawe, kisha ndipo aulize kama kaka yu hai.

Tulipofika mlangoni mwa darasa, jirani alisimama. Alikuwa amemwona mwalimu.

"Bibi," alisema kwa sauti ya chini, "ule mwalimu ni muzungu. Atakuwa ndugu yako namna gani?"

Bibi alimtazama mwalimu, kisha akanitazama mimi. Ndipo nilipoelewa, kwa akili yangu ya utoto, kwamba alikuwa amevaa viatu vile kwa ajili ya mtu mwingine kabisa. Jirani alitaka turudi. Bibi akasema tumekuja na chakula, na chakula hakirudi nyumbani bila kuliwa. Akaingia.

Mwalimu alimwamkia, "Sawubona, gogo," na safari hii Bibi hakununa. Alikaa kwenye kiti kidogo cha mwanafunzi, akaniambia nimuulize baba yake ni nani. Nikatafsiri kadiri nilivyoweza. Baba yake mwalimu alikuwa mkulima huko bara, mbali na pwani, wa ukoo wa Wajerumani waliokuja zamani pamoja na wamisionari. Mwalimu naye akauliza sisi tulilipata wapi jina hilo. Bibi akasema ni letu, na maana yake ni desturi. Mwalimu akasema kwa Kijerumani lina maana nyingine, na hapo nikakwama, kwa sababu alitumia neno la Kiingereza nisilolijua. Alipoona nimekwama, aliweka kiganja kimoja juu ya kingine, akavizungusha, halafu akapuliza vumbi lisilokuwepo.

"Anasema ni mtu wa mashine," nikamwambia Bibi. "Mtu wa kusaga unga."

Bibi alivitazama viganja vile. Alipoanza kusema, alikuwa kama anasema peke yake, nami nilisahau kutafsiri. Alisema baba yake alianza kazi akiwa kijana kwenye mashine ya wamisionari wa Kijerumani, ile iliyozungushwa na maji ya mto chini ya kanisa. Yeye mwenyewe alipokuwa mdogo alikuwa akimpokea jioni, kope zimekuwa nyeupe. Wazungu walimwita kwa kazi yake, na watu wa kijijini walipolisikia neno lile wakaona ni neno lao, wakampa heshima ya mshika desturi. Unga aliujua maisha yake yote, alisema, na jina alilijua maisha yake yote, na hakuna siku aliyoviweka pamoja.

Neno lilitoka Ujerumani, likapita kwenye jiwe la kusagia la Tukuyu, likageuka Kiswahili na kupata methali yake, likaja Durban kukutana na mwenzake ubaoni, na wenye neno wenyewe hawakutambuana mpaka mwanamke mmoja alipozungusha viganja. Mimi hiyo naiita ajabu, na sijaona nyingine ya kuishinda.

"Muulize wako wengi?" Bibi alisema.

Mwalimu alijibu polepole, maana naye alishayaona machozi ya Bibi. Alisema huko Ujerumani hakuna jina lenye watu wengi kuliko hilo. Kila kijiji kilikuwa na mashine, na kila mashine ilikuwa na mtu wake, kwa hiyo wenye jina si wa damu moja na wala hawajuani. Wangejaza uwanja wa mpira wa Durban, na walio wengi wangebaki nje. Na humu mjini pia wamo, wa kila rangi.

Nilipomaliza kumtafsiria, Bibi alifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Kumbe nilikuwa namtafuta kaka yangu kwa jina la watu wote," alisema. Halafu akavuta hotpoti. "Mwambie ale. Nilipikia mtu anayeitwa Mila."

Mwalimu alikula, tena kwa mkono, na akaongeza.

Tangu siku hiyo tulianza kuliona jina kila mahali. Lilikuwa mlangoni mwa lori huko Clairwood tulipompelekea baba chakula, juu ya duka la nyama Isipingo, kwenye kibao cha daktari wa meno. Lenye vidoti, lisilo na vidoti, lenye i badala ya u. Kila nilipomsomea Bibi, aliguna, "Na huyo naye." Nilidhani majina hayo yangemuumiza, lakini alizidi kutulia. Kanisani aliacha kuuliza. Aliniambia kwamba miaka yote alimwona kaka yake akitembea peke yake ugenini, bila hata mtu wa kumtamkia jina vizuri, kumbe alikuwa amekwenda nchi ambayo jina lake lilishatangulia. Pengine alipojitaja pale bandarini, alisema Bibi, kuna mtu alimjibu, "Hata mimi."

Mwalimu naye akawa mtu wa kwetu. Jumamosi nyingine alipanda ngazi zile akihema, akakaa jikoni kumenya ndizi, Bibi akimfundisha Kiswahili na kumsahihisha bila huruma.

Vyote hivyo vimekwisha. Jengo letu limejengwa upya, lifti inafanya kazi, na mlinzi wa chini hakuniruhusu kupanda hata nilipomweleza. Jirani msusi alihamia ng'ambo na wanawe. Ukubwani nilikwenda Tukuyu kuitafuta ile mashine. Mto upo, kanisa lipo, na hakuna aliyeweza kunionyesha hata upande ilipokuwa. Kaka yake Bibi hatukumpata, wala kaburi lake, wala mtoto wake.

Bibi alifariki nilipokuwa namaliza sekondari. Baba alitaka kumsafirisha, lakini mwenyewe alikuwa ameshakataa. Alisema kama kaka yake yumo kwenye udongo huu, basi naye atalala humu humu. Kwa desturi aliyoishika, udongo wa kwanza hutiwa na mtu wa kwao marehemu, upande wa baba yake. Baba hakufaa, kwa kuwa yeye ni mtoto wake, wa ukoo wa mumewe. Mchungaji akauliza ni nani yupo hapa wa ukoo wa marehemu. Akauliza tena. Watu wakatazama chini. Baba alikaza macho kwenye jeneza, nami niliumia kuliko nilivyoumia siku aliyokata roho, kwa kuwa Bibi alimtafuta mtu mmoja maisha yake yote, na sasa alikuwa anazikwa bila mtu huyo.

Nyuma kabisa watu wakaanza kupisha. Mwalimu alikuwa anakuja, amestaafu, anategemea fimbo. Mchungaji alimuuliza kwa Kiingereza yeye ni nani wa marehemu. Akajibu kwa Kiswahili, kilekile cha jikoni kwetu.

"Mimi ni Mila," alisema. "Mtoto wa kaka yake."

Hakuna aliyebisha. Mchungaji alisogea pembeni, na yeye akaegemeza fimbo, akapiga magoti kwa shida, akachota udongo kwa mikono miwili akautia. Kisha baba akafuata, ndipo na sisi wengine.