Treni ya Shemeji Imekataa Kilima

Leo shemeji yangu amebishana na kompyuta, na kompyuta imeshinda mbele ya watu.

Wiki nzima amekuwa akichora reli kwa programu. Reli ya treni ya kuchezea, ya betri, ndogo kama mswaki! Lakini ukimsikia akiongea, utadhani anajenga reli ya kweli, ya kutoka mji wa Kapkatet hadi Kaplong.

Kila akiweka kilima, programu inageuka nyekundu. Mwinuko ni mkali, treni haitapanda.

Nikamwambia, "Shemeji, si upunguze kidogo?"

Akanicheka. "Hii programu ilitengenezwa na watu wa tambarare. Hawajui milima ya huku kwetu."

Haya, mwana wa milima.

Baada ya kanisa akatuita sote mezani. Ameunga reli yake, akajaza behewa majani chai mabichi, eti yanaenda kiwandani. Akawasha.

Treni ikafika katikati ya kilima. Magurudumu yakazunguka bure. Ikarudi kinyumenyume, ikaruka reli, ikaingia kwa kikombe cha mama. Mama mkwe wake, jameni!

Mnajua alisema nini?

"Ni betri."

Saa hii amekaa hapo kwa kochi. Ametafuta mahali pa kuzima lile onyo jekundu na amepapata. Sasa skrini yote ni kijani, anatabasamu peke yake.

Na huyu ndiye sisi wakulima tumempa achore barabara mpya ya lori, ya kupanda kutoka kituo chetu cha kukusanyia majani chai.

Nyinyi chekeni tu. Dereva wa hilo lori ni mimi.